Mbali, Karibu

Jumanne usiku, North York

Kosa la kwanza ni langu, nakubali. Nilikosea tarakimu moja tu ya latitudo, na hazina yetu ikahama kutoka maktaba ya chuo mpaka nyuma ya jengo la zamani la kemia.

Zoezi lenyewe la darasani ni jepesi: programu ya simu ya kusaka hazina. Simu inasoma GPS, inaandika "Mbali" ukiwa mbali na hazina, na "Karibu" ukiifikia. Kiswahili nilikitia mimi. Aisha, mwenzangu kwenye zoezi, amezaliwa hapa hapa ughaibuni. Alikubali huku akinicheka. Keshokutwa darasa zima litaitumia.

Leo tuliijaribu. Ikatupeleka hadi kwenye mlango ulioegeshwa, ikaandika "Karibu." Mkono wangu ukasukuma, mdomo ukasema "Hodi," kama niko nyumbani Tanga.

"Karibu," ikaitikia sauti ya mwanamke, kama mtu aliye jikoni, mikono imejaa unga.

Ndani kulikuwa na viti vimepandana, na vumbi. Hakuna mtu.

"Ni simu yako hiyo," Aisha akasema kwa Kiingereza chake cha haraka. Tukacheka. Nilifarijika mno, mpaka nilipopanda basi.

Nimeipitia programu yote. Inaandika tu. Hakuna mahali nilipoipa sauti.

Kisha nikarekebisha ile tarakimu. Hazina imerudi maktaba, mwendo wa saa nzima kutoka kitandani kwangu. Nikaiwasha ili niione ikiandika "Mbali," nilale.

Imeandika "Karibu."

Na mimi sijapiga hodi.