Chakula cha Mkaguzi

4 Machi

Mwanangu,

Nimekuficha mambo mawili. La kwanza ni dogo: nina paka. Nimeishi naye miaka kumi na miwili katika chumba hiki cha ughaibuni ambamo ninyi nyote mnadhani nakaa peke yangu. La pili linahusu mazishi ya mama yako. Hilo nitakuandikia nikipata nguvu, na nisikawie kuzipata, maana daktari wa mapafu ameshaniambia nisipange mambo ya mwakani. Usilie. Nina miaka sabini na minne, sijadhulumiwa.

Hujambo lakini? Goti lako limepoa? Wajukuu wangu bado wanagombania meza ya kusomea?

Sasa paka. Nimemwita Mkaguzi, kwa sababu ukimwekea chakula hukizunguka kwanza, akanusa, akakutazama usoni, ndipo anaamua. Ni dume, amehasiwa. Nikiondoka atachukuliwa na fundi cherehani wa ghorofa ya chini, mama mwenye moyo mzuri na kipato cha kuungaunga. Ameniambia, "Mzee, niandikie kabisa anakula nini, nisije nikamuua kwa ujinga wangu." Nataka nimwachie karatasi moja tu: chakula chenye afya ambacho ataweza kukinunua mwezi hadi mwezi. Dukani kuna rafu ndefu kama korido ya shule, na kila mfuko una picha ya paka anayetabasamu. Mimi niliyefundisha kemia miaka ishirini na minane nasimama pale na lenzi mkononi, natoka mikono mitupu. Wewe unachanganya vyakula vya mifugo kiwandani. Nisaidie.

Usinipigie simu. Pumzi yangu haifiki sentensi ya pili. Kalamu haihitaji pumzi.

Baba yako


22 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Goti lipo, linanitangulia kujua mvua. Watoto hawajambo. Wewe nani anakupikia? Oksijeni unayo hapo nyumbani? Nimeshaanza kushughulikia pasipoti, usinikatalie.

Paka! Wewe uliyekuwa ukiwafukuza paka jikoni kwa ufagio! Nilipomwambia shangazi alicheka mpaka akashika ukuta: "Kumbe kaka ana mtu huko!"

Haya, nakujibu kama ninavyowajibu wafugaji wanaokuja na mifuko yao dirishani. Picha ya mbele usiitazame, geuza mfuko. Viungo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Nyama ikitajwa ya kwanza usishangilie upesi, huenda imepimwa pamoja na maji yake. Halafu angalia ujanja huu, naufahamu kwa sababu mwenye kiwanda wetu aliwahi kuniagiza niufanye kwenye chakula cha kuku, tukagombana: unga wa mahindi, gluteni ya mahindi, pumba za mahindi, vitu vitatu, kila kimoja kidogo. Vijumlishe, utakuta mfuko ni shamba la mahindi. Paka ni mla nyama. Usimpe chakula cha mbwa hata kikiwa nusu bei, hakina virutubisho vyote anavyohitaji paka. Maziwa yatamharisha. Na bei usiisome ya mfuko. Soma mfukoni anakula gramu ngapi kwa siku, upate bei ya siku. Cha bei nafuu kupita vyote ni kikavu, kile cha punje. Mwambie fundi anunue kikavu kizuri cha chapa ya duka lenyewe, bakuli la maji pembeni, basi.

Hilo la pili, Baba, usinitie kiwewe ukaniacha njiani. Kama ulioa huko, sema. Nina miaka arobaini na sita, sitagaragara chini. Kama ni habari ya ruhusa, hiyo tunaijua. Yule meneja wako wa kiwanda cha rangi aliyekunyima ruhusa ya kuja kumzika mama, mpaka leo nikimkumbuka nasonya. Siku mbili tulikungoja na jeneza sebuleni.

Mwanao


10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mashine ya oksijeni ninayo, inanguruma pembeni kama mwanafunzi aliyesinzia. Fundi ananiletea supu na kunisimulia wateja wake. Msalimie shangazi yako, mwambie mtu mwenyewe ana mkia.

Barua yako imenifanya kijana. Nilikaa na makopo na mifuko mezani, nikaondoa maji kwenye kila kimoja kwa hesabu, ili nilinganishe kilichobaki. Kopo linasema protini ni sehemu kumi katika mia, mfuko wa kikavu unasema thelathini, mtu wa haraka anakimbilia mfuko. Lakini kopo lile ni maji sehemu themanini. Ukiyatoa, kumi ile ni nusu ya kilichobaki! Nilimwonyesha fundi karatasi yangu. Akaitazama, akasema, "Mzee, mimi nimeuliza chakula cha paka, wewe umenitungia mtihani."

Nimepata vikopo vidogo vya minofu ya samaki, samaki mtupu na mchuzi wake, bei ya kupunguzwa. Nimenunua thelathini. Mkaguzi amevipitisha bila swali.

Ila kikavu peke yake, hapana. Hilo kwenye karatasi ya fundi siliandiki, hata kama ni nafuu mara tatu. Usinibishie.

Si mke. Nani angekubali kuishi na mimi? Jambo lile nitaliandika. Leo mkono umechoka.

Baba yako


29 Aprili

Shikamoo Baba,

Nafurahi una supu na una mtu wa kukutania. Huku wote wazima.

Vile vikopo thelathini, soma tena kwa lenzi, chini kabisa, maandishi madogo. Naweka dau hapo pameandikwa ni chakula cha nyongeza, si chakula kamili. Hicho ni kama kumlisha mtoto kachumbari kila siku: kitamu, lakini hakuna madini wala vitamini za kumtosha. Mwalimu mzima wa kemia! Neno la kutafuta kabla ya yote ni hilo, "kamili". Baada ya hapo ndipo ufanye mahesabu yako. Vikopo ulivyonavyo mpe kidogokidogo, kama zawadi.

Kikavu umekikataa kwa ukali ambao sijauelewa. Paka wangapi wanakula kikavu na wanazeeka? Kuna nini?

Na sasa nasema kama mwanao, si kama mtu wa dirishani. Kurasa tatu umeniandikia za paka, na mstari mmoja wa mama. Kila barua "nitaandika". Ulilifungua mwenyewe, mimi sikuuliza. Silali vizuri, Baba. Najiuliza kama kuna deni la mama nisilolijua, au kama alikufa akiwa na kinyongo na wewe, au na mimi. Nafasi ya ndege nimepata, nitafika tarehe ishirini Juni. Naogopa kufika nikukute huwezi kusema. Niandikie kabla.

Mwanao


7 Juni

Mwanangu,

Samahani kwa kimya. Nililazwa wiki nne. Nimeomba kurudi chumbani na wamenikubalia, na hao hawakubali hivihivi. Naandika mistari michache, napumzika, naendelea. Tarehe ishirini ni mbali kwangu.

Ulisema kweli, vikopo ni vya nyongeza. Nimeona aibu. Karatasi ya fundi imekamilika, nimeisoma mbele yake naye ameikubali: kopo kubwa la chapa ya duka, lililoandikwa kamili, la kuku, asubuhi na jioni, limeongezwa vijiko viwili vya maji. Mchana kiganja kimoja cha kikavu, si zaidi. Akienda kwenye sanduku lake la mchanga mara nyingi bila kutoa kitu, asingoje hata saa moja, ampeleke kwa daktari. Hilo nimelipigia mstari.

Uliuliza kuna nini na kikavu. Uliuliza na la mama yako. Jibu ni moja.

Miaka tisa iliyopita Mkaguzi alikuwa na miaka mitatu, nami nilikuwa namlisha kikavu peke yake, gunia la bei ya chini kuliko yote, na maji alikuwa hanywi. Shangazi yako aliponipigia kunipa habari ya msiba, nilikata tiketi siku ileile. Asubuhi ya safari, begi likiwa mlangoni, paka akaanza kuingia na kutoka kwenye sanduku lake, akilia. Mkojo ulikuwa umemziba. Daktari alimwekea mrija, akasema angalau siku kadhaa awe na mtu wa kumwangalia na kumpa maji, maana huweza kuziba tena.

Fundi alikuja juu. Alisema, "Mzee, nenda ukamzike mkeo. Huyu niachie mimi." Kulikuwa na ndege nyingine kesho yake. Ningewahi.

Mama yako alipokuwa anaumwa nilimwahidi mara mbili kwamba nakuja, na mara mbili sikuja. Niliwaza nyumba ile, nyuso zenu, mtu akiuliza kwa nini sasa. Paka hakuwa na swali lolote. Nikakupigia simu, ukalia, na kabla sijasema lolote wewe ukauliza, "Wamekunyima ruhusa?" Nikasema ndiyo.

Mama yako hakuwa na deni wala kinyongo na wewe. Na yule meneja umemwonea miaka tisa. Nilimwomba siku tatu, akanipa kumi, akanishika mkono kunipa pole. Zote kumi nilizimaliza hapa jikoni, nikimnywesha paka maji kwa bomba la sindano.

Baba yako