Alinipa Jembe Akasema ni Sampuli

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili ya tarehe kumi na nne mwezi huu wa Oktoba, maana siku hiyo wageni saba wanakuja nyumbani kwangu kuzungumza jambo ambalo mimi sikulianzisha, na nikinyamaza nitakuwa mke wa mtu, na nikisema nitapoteza kazi ya mashati mia moja arobaini. Majina yote humu nimeyageuza. Mji sijaugeuza, maana hata nikiugeuza watu wa Ipogolo watanijua tu.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na mbili, kwetu ni Mbeya, kule milimani, nililetwa Iringa na marehemu mume wangu aliyekuwa kwenye kazi ya barabara, na alipofariki mwaka 1951 ndugu zake walitaka nirudi nikakataa, nikabaki na watoto wawili na cherehani ya mkono ambayo hata kuipitishia uzi nilikuwa bado sijajua. Leo nina cherehani mbili, zote za miguu, natoa kaptula nne kwa siku au mashati matatu, nyumba yangu haivuji, watoto wanasoma, na Jumapili nakaa kanisani benchi la nyuma kusudi nihesabu migongo iliyovaa kazi yangu, na Jumapili iliyopita ilikuwa kumi na tisa. Sikuandikii kwa sababu maisha ni mabaya. Maisha ni mazuri, ndiyo maana sitaki mtu ayaguse.

Mwezi wa tatu alikuja kwenye kibaraza changu Bwana Silvester, katibu wa chama cha wafanya biashara wetu, mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni, akageuza pindo la kaptula akalitazama sana, akasema, "Mama Asukile, kazi hii imejificha huku bondeni. Mkono unao. Unachokosa ni kujulikana. Mimi nitakujulisha kwa watu." Nikafurahi, kwa kuwa ni kweli, watu wakubwa wako juu mjini na mimi niko chini barabarani, nikajaza fomu ya chama, jina, kazi, na jina la kaka yangu na sanduku lake la posta. Wakati ule sikujiuliza chama cha biashara kinamtakia nini kaka yangu.

Mkutano wa kwanza nilipanda mlima kwa miguu na mashati sita ya kuonyesha, nikakuta viti kumi na viwili vimepangwa vizuri na watu wawili, yaani yeye na mimi. Akasema wenzetu wamepata udhuru. Mkutano wa pili viti sita, watu wawili. Wa tatu viti vinne. Wa nne viti viwili na birika la chai. Kila mara ajenda ya kwanza ilikuwa soko la mashati na ya pili kwamba mjane hapendezi kula peke yake, na ile ya kwanza hatukuimaliza hata siku moja. Mkutano wa saba, mshauri, sikukuta kiti, nilikuta benchi, tena fupi. Nikamwuliza, "Bwana Katibu, wanachama wako wako wapi?" Akasema, "Mama, mambo makubwa huanza na watu wawili." Nikaenda kukaa dirishani.

Utaniuliza kama nilijua. Nitasema kweli, nilijua siku ya birika. Lakini alikuwa ameniambia kuna shule ya misheni huko juu inatafuta fundi wa mashati ya watoto mia moja arobaini, na mwalimu mkuu hampi mtu kazi bila barua ya katibu. Mashati mia moja arobaini kwa mkono wangu ni siku arobaini na saba, na kuanzia tarehe mosi Novemba hadi mwaka uishe, ukitoa Jumapili na Krismasi, ziko siku hamsini na moja, zinabaki nne za vifungo na pasi. Kazi imenitosha kama vazi nililojipimia mwenyewe. Basi nikawa napanda mlima, nakaa dirishani, nashuka.

Mwezi wa nane akaja kwangu mchana kweupe na dada yake mkubwa, Bibi Rozalia, mama mzima wa heshima. Akafungua karatasi, ndani jembe jipya bila mpini, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Hii ni sampuli. Nataka uwe ajenti wa majembe hapa Ipogolo, magari yote yanasimama hapa." Yule dada akaniuliza taratibu, "Umelipokea, mwanangu?" Nikasema, "Nimelipokea, mama, ahsante sana." Akapiga kigelegele kimoja kifupi. Nikasema moyoni, hawa watu wanapenda biashara kweli.

Nikalitundika dirishani, na kesho yake mkulima mmoja Msangu wa Ubaruku, basi lao la kwenda Chimala limesimama, akashuka akalinunua. Siku ile ile nikamwandikia Bwana Silvester: "Jembe limekwenda kwa siku moja. Lete mengine ishirini na manne." Wiki tatu hakujibu. Nikadhani ghala limekwisha.

Halafu nikapata barua ya kaka yangu kutoka Mbeya, nainakili: "Dada, watu wa Iringa wameniandikia kwamba umepokea jembe lao na umetaka mengine ishirini na manne, wanaomba tuwapunguzie. Mimi habari za majembe sizijui, sisi tunahesabu ng'ombe. Huyo mume ni nani, na mbona mimi kaka yako nasikia mwisho?"

Nikaipeleka mbio kwa jirani yangu Lusia, Mhehe wa hapa hapa, anayewapikia madereva. Nilipomsimulia aliweka mwiko chini.

"Ulilipokea mbele ya dada yake?"

"Ndiyo."

"Kwa mikono miwili?"

"Sasa ningepokea kwa mguu?"

"Na ukaliuza."

"Kwa siku moja."

Lusia alicheka mpaka akakalia gunia la mkaa. "Mama Asukile! Umeuza posa yako kwa Msangu! Halafu ukaagiza majembe ishirini na manne! Ndiyo maana huko juu wanasema yule mjane wa Kinyakyusa anajua thamani yake!" Akanieleza kwamba kwao jembe la namna ile ndilo neno la kwanza la kuoa, na kigelegele ndicho muhuri. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye kidogo, nikiwa peke yangu.

Nikapanda mlima kumwambia Bwana Silvester kwamba sikujua. Akasema, "Usijifanye mtoto. Viti vilikuwa vinapungua, ulikuwa unaviona." Nikamwambia basi jembe nitalirudisha. Akatoa kalamu moja mfukoni akairudisha. "Likirudi jembe, barua ya shule nayo haitoki hapa. Jumapili ndugu zangu saba wanakuja kwako kuzungumza hiyo hesabu. Wapokee vizuri."

Barua ya shule ataiandika tarehe ishirini na tano. Swali langu ni hili: je, Jumapili niwapokee wale wageni, niwape chai, niseme maneno ya katikati, mpaka barua itoke, ndipo nirudishe jembe? Ni siku kumi na moja tu. Au nirudishe sasa nikose yote? Na nirudishe jembe gani, wakati lenyewe liko Ubaruku shambani kwa mtu? Mke wa mwalimu mkuu ni mteja wangu tangu mwaka jana, alichukua kaptula mbili za mwanawe akarudi kuchukua nne, lakini mambo ya ofisi nimeona haya kumwuliza mwanamke mwenzangu.

Naambatanisha kipande cha pindo, inchi tatu, usije ukadhani najisifu bure.

Mwenye Cherehani Mbili,
Ipogolo

*

Mwenye Cherehani Mbili,

Pole, na hongera, na sasa kaa nikugombeze.

Kwanza lililo lake. Mwanamume anayetaka mke hutuma watu wakasema wazi, na mwanamke akasema ndiyo au hapana. Huyu aliogopa hapana yako, ndiyo maana akaifunga posa kwenye karatasi ya biashara. Alijua wewe si wa huku na maana ya jembe huijui, akakupokeza mbele ya shahidi. Mimi nimezaliwa Kalenga, huko huko Uheheni, jembe nalijua, na nakwambia aibu hiyo si yako hata chembe. Asikutishe na habari za viti. Mtu akipanda mlima kutafuta kazi, amepanda kutafuta kazi, hata akikuta benchi.

Sasa lililo lako. Sikugombezi kwa mkutano wa kwanza wala wa saba. Nakugombeza kwa hizi siku kumi na moja. Wale wageni saba wanakuja na moyo safi, wameambiwa umekubali. Ukiwapa chai na maneno ya katikati ukijua utawakataa tarehe ishirini na tano, utakuwa umefanya lile lile alilokufanyia Silvester: unawaita kwa jambo moja, umeficha lingine. Leo haki yote iko upande wako. Usiigawe kwa birika la chai.

Na wewe unayejua hesabu, mbona hii imekushinda? Mikutano saba, watu aliokujulisha: hakuna. Migongo kumi na tisa kanisani, aliyoileta yeye: hakuna. Mke wa mwalimu mkuu alikuja kwa miguu yake, akarudi kwa miguu yake, kwa sababu kaptula mbili za kwanza hazikumfumukia. Na kwamba mwalimu mkuu hampi mtu kazi bila barua ya katibu, nani alikwambia? Nimesoma barua yako mara tatu. Ni Silvester peke yake. Umekaa miezi saba unabisha hodi kwenye mlango uliochorwa ukutani, na mlango wa kweli umeupimia kaptula sita!

Barua yako nimeipata Jumanne, nimemwomba mhariri aiweke mbele ya zote. Ukisoma gazeti hili bado una siku tatu, zitumie hivi.

Leo hii nunua jembe jipya, bila mpini, la aina ile ile. La Ubaruku liache lilime. Mchukue Lusia na mzee mmoja wa kanisa lako, nendeni kwa Bibi Rozalia, siyo kwa Silvester. Mpe jembe mkononi, kwa mikono miwili kama ulivyolipokea, useme: "Mama, niliambiwa ni sampuli ya biashara. Nimelirudisha." Usiongeze neno. Na yale ishirini na manne akikuuliza, mwambie ulitaka kuyauza. Yule mama naye amedanganywa, kigelegele chake kilikuwa cha kweli, kwa hiyo mwinamie vizuri. Yatakayofuata kati yake na mdogo wake ni ya kwao, ondokeni mapema. Wale wageni saba atawazuia yeye mwenyewe, tena haraka kuliko wewe.

Jioni mwandikie kaka yako. Mwombe radhi kwa kusikia mwisho, umwambie kwamba hakuna jembe wala ng'ombe, na barua nyingine ikija kutoka Iringa bila mwandiko wako aitie jikoni.

Kesho asubuhi vaa vizuri, chukua shati moja na kaptula moja, nenda shuleni umwone mwalimu mkuu. Haya ya kumwuliza mkewe iweke pembeni, mpitie kwanza nyumbani akusindikize mpaka mlangoni kwa mumewe. Mwambie mwalimu kama ulivyoniambia mimi: siku arobaini na saba, kati ya hamsini na moja. Fundi anayejua hilo kabla hajaulizwa ameshajiandikia barua yake. Wakishikilia kwamba barua ya chama inatakiwa, mwombe mzee wa kanisa aandike yake. Na kazi ikikosekana, basi ikosekane kwa sababu ya mashati. Utabaki na cherehani mbili, nyumba isiyovuja, na benchi lako la nyuma ambalo hukai na mtu usiyemtaka.

Chama usikiache. Umejaza fomu, ni chako. Mkutano ujao panda mlima na Lusia, na wanawake wengine wenye biashara kule barabarani, kumi ukiwapata. Mwambie katibu atoe vile viti vyote kumi na viwili, maana wanachama wamefika.

Kipande chako cha pindo nimekivuta kwa meno, hakikuachia. Nina wajukuu watatu wa kiume wanaokalia mawe siku nzima. Vipimo vyao viko kwenye bahasha niliyokutumia kwa posta: kaptula za kaki, moja moja kila mtoto, mifuko miwili. Kwa hesabu yako mwenyewe hiyo si kazi ya siku nzima, basi usikate kitambaa kabla jembe halijarudi.

Mama Verediana