Kibao Kwenye Mtama wa Lucia

Rejoice, acha unachofanya usome. Kibao! Wamechomeka kibao kwenye mtama wa Lucia!

Unamkumbuka Agustino, bwana shamba wetu, aliyekulia Lupembe kwenye chai na ukungu. Novemba alituamuru tupande na mvua ya kwanza. Lucia akamwambia, "Mwanangu, huku Makambako hiyo ni mvua ya kuosha vumbi. Ya kupandia bado." Agustino akamwita mshamba mbele ya mkutano mzima. Bwana shamba anamwita mkulima mshamba! Tarehe nimeiandika.

Shamba darasa lake, la kutufundishia, liliota, likakauka lote. Lucia alipanda wiki tatu baadaye, na mtama umemzidi kimo.

Leo wameshuka wageni wa mradi na kamera, na Agustino kawapeleka kwenye mtama wa Lucia badala ya shamba lake. Lucia yumo shambani anafukuza ndege, kibao cha "Shamba Darasa" kimesimama kando, anamsikia Agustino kwa masikio yake akiwaambia: "Haya ndiyo matunda ya kupanda na mvua ya kwanza."

Ya kwanza, Rejoice! Bila haya! Majirani nao wanaitikia kwa vichwa, mwakani wakazike mbegu zao vumbini, walale njaa.

Lucia aling'oa kibao, akakitia begani kama jembe, wageni nyuma yake mpaka kwenye yale mabua makavu ya Agustino. Akakipigilia pale kwa jiwe.

Agustino ananong'ona, "Mama, tafadhali, wageni."

"Waeleze, baba," akasema Lucia. "Mvua yako ya kwanza ndiyo hii hapa."