Siku Tuliyojiandikisha Kuwa Hatujaoana

Marek,

Ulikuwa unajua maneno kama kumi ya Kiswahili, na manne kati ya hayo yalihusu nyama. Hata hivyo nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza chetu nimekitumia miezi yote hii kujaza fomu na sasa kimenichosha.

Nianze na habari za huku. Niko Ruiru kwa dada yangu Njeri, na mchana nauza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Ujerumani nilitoka wiki sita baada ya kukuzika. Yule mama wa ofisi ya wageni alinieleza taratibu, akanichorea mpaka mishale kwenye karatasi. Mfanyakazi anayetoka nchi nyingine ya Ulaya, kama wewe Mpolandi uliyekuwa ukifanya kazi kwao, akifa, mke wake wa kutoka mbali hubaki na haki ya kukaa ikiwa aliishi naye huko mwaka mzima. Mimi niliishi nawe miezi saba. Alinisukumia karatasi laini ya kupangusia machozi, lakini sikuwa nikilia, kwa hiyo nikafutia miwani.

Hilo la kukaa sikulipigania. Ningekaa nifanye nini, niangalie viatu vyako mlangoni? Nililopigania ni pensheni ya mjane. Mama bado anameza dawa kila siku, na misumari hainipi mshahara wa kujivunia. Lakini walipokataa ombi, kilichonikera zaidi ni sababu yenyewe. Waliandika kwamba ndoa yetu ilidumu miezi tisa tu, na kwamba ndoa isiyofika mwaka huchukuliwa kuwa ilifungwa kwa ajili ya pensheni, mpaka mjane athibitishe vinginevyo. Kwa maneno mengine, nilikuona unakufa nikakimbia kuolewa. Iliniuma, Marek. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni kwa Njeri, na uji ukafurika.

Ubaya ni kwamba hawakukosea kuhesabu. Cheti chetu cha Nairobi kina tarehe hiyo, na siku tulipokichukua daktari wako alikuwa ameshakuambia habari ya saratani ya kongosho. Tulikuwa na haraka kwa sababu hiyo hiyo.

Wasichojua ni kwamba tulikuwa tumeoana miaka mitatu kabla, uani kwa mama, Gatuanyaga. Wakati huo ulikuwa umeletwa Thika kufunga mashine mpya za kiwanda cha juisi, nami nilikuwa karani wa hapo. Hukuwa na jamaa wa kukusindikiza siku ya ngurario, ile ndoa yetu ya kimila ya Kikuyu, kwa hiyo dereva wenu na wazee wawili wa bohari wakasimama kama watu wa ukoo wako. Mmoja alijisahau akaanza kusemea upande wangu badala ya wako. Ulipopewa kisu ukate bega la mbuzi mbele ya wazee, kila mtu alisubiri uaibike. Ukapapasa kwa kidole, ukapata kiungo, ukakata mara moja. Baba Mdogo Njuguna akapiga paja: "Ngai! Huyu ni fundi, hawezi kosa joint!" Kuanzia hapo nilikuwa mke wako, na hakuna mtu Gatuanyaga aliyehitaji karatasi kulijua hilo.

Hapo ndipo tulipokosea. Hatukwenda kuiandikisha. Wewe ulirudi kazini Ujerumani, mimi nikabaki kumuuguza mama, ukawa unakuja kila likizo, na mambo yalikwenda sawa mpaka ulipougua ikabidi nikufuate. Ubalozi ulitaka cheti.

Unaikumbuka ile ofisi Nairobi? Karani aliuliza kama tumewahi kuoana, hata kama ni kimila. Ukafungua mdomo. Ukaanza, "Yes, we have the goat," nami nikakukanyaga mguu. Nilijua tukitaja ngurario tutaambiwa tukalete barua ya chifu na mashahidi na viapo, na safari yako ya kurudi hospitali ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia karani, "Andika hatujaoana, tuendelee. Hiyo ingine ni mambo mingi." Akaandika wewe ni kapera na mimi ni mwali. Ulitia sahihi ukinitazama kama mtu aliyeonewa, na nje ukaniuliza mbuzi yule alikuwa wa nini basi. Nilikuambia uache utoto.

Nilipokata rufaa nilimpeleka Baba Mdogo kwa wakili pale Thika akaape kwamba ngurario ilifanyika. Alivaa koti la harusi za watu. Wakili alipoanza kumzungusha kwa maswali, mzee akachoka. "Andika hivi: hiyo mbuzi nilikula mimi. Kama hawa hawakuwa wameoana, nilikula ya nani?" Waliandika kwa lugha ya adabu zaidi, tukapeleka.

Jibu la ofisi ya pensheni lilikuwa fupi. Baba yako mdogo anaapa mlioana miaka mitatu kabla, lakini ninyi wenyewe mmetia sahihi kwamba hamjawahi kuoana. Nani anasema kweli? Na je, kuna chochote ambacho marehemu mwenyewe alikiandika?

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae chini nikuandikie. Karani wa wakili, kijana mwerevu sana, alinipa ushauri. "Madam, sema ni bwana yako marehemu ndiye aliambia registrar hivyo. Wewe ulinyamaza tu. Saa hii ye atakataa aje?" Sikukubali kwa mdomo. Lakini nilimwacha apige chapa. Ikatoka kurasa mbili safi, wewe ukiwa mwongo na mimi nikiwa mke mtiifu asiyejua sheria. Nilibeba zile karatasi nyumbani ili nizisome vizuri kabla ya kuapa, na kwa siku tatu sikupata kosa lolote ndani yake isipokuwa kwamba zilikuwa uongo.

Siku ya nne Piotr, yule uliyefanya kazi naye karakana moja, akanitumia picha kwenye simu. Nilikuwa nimemwomba aulize ofisini kwenu kama kuna karatasi yoyote yenye mwandiko wako. Ni fomu ya wafanyakazi, uliyoijaza wiki mbili baada ya ngurario, uliporudi kazini. Penye hali ya ndoa umetia alama: nimeoa. Penye mtu wa kuarifiwa likitokea la kutokea umeandika kwa herufi kubwa, Wangari, mke wangu, Gatuanyaga, karibu na Thika. Umekosea spelingi ya Gatuanyaga mara mbili ukafuta.

Nililia dukani, mbele ya mtu aliyekuja kununua kufuli. Akachagua kufuli mwenyewe.

Zile kurasa za karani nilizirudisha nikaomba ziandikwe upya. Sasa zinasema kwamba mume wangu alitaka kusema ukweli mbele ya msajili, na mimi ndiye niliyemzuia. Wakili alinionya kwamba hilo linaweza kuniletea shida hapa kwetu na kuniharibia rufaa kule. Nikamwambia aniletee kalamu. Zimetumwa pamoja na fomu yako, wiki jana, na sijui watajibu nini.

Lala salama, mume wangu. Siwezi kukuahidi pensheni, hiyo iko mikononi mwa watu wengine. Nakuahidi hili moja: ofisi yoyote itakayoniuliza nilikuwa nani kwako, nitajibu mara ya kwanza, na sitamkanyaga mtu mguu.

Wangari, mke wako