Nambari Nilizowagawia Majirani

Nyuma ya soko la Kariokor, Nairobi
Jumapili, tumetoka kanisani

Mpendwa Baba Naliaka,

Salamu nyingi kwako kutoka kwa mkeo. Natumaini kifua cha mama kimetulia na watoto wanaoga bila kukimbizwa. Mimi mwilini sina ugonjwa. Moyoni ndiko kwenye shida, na nitakuambia mwenyewe, maana ukisikia kwa watu utaongezewa chumvi. Naogopa. Mimi ambaye uliwaambia ndugu zako kwamba naweza kumkemea chui, tangu Alhamisi nikisikia viatu kwenye ngazi nashika meza.

Barua hii anakuletea wifi yangu, dada yako, aliyekuja kununua viatu vya akala vya kuuza huko sokoni. Sikutaka ipite mikono mingi. Ukimaliza kuisoma itie motoni. Watu wa hapa sitawataja majina, na utaelewa sababu.

Masomo yenyewe nayaweza, hata kama walimu wenzako wanacheka kwamba mkeo amekwenda kutafuta ubalozi. Katika shahada hii ya mambo ya umma ya kimataifa tunasoma mikataba, jinsi nchi zinavyoahidi kuwapokea watu wanaokimbia kwao. Nilipotakiwa kuchagua utafiti sikwenda mbali. Ploti ninayoishi imejaa familia zilizokimbia vita Somalia, na wengi hawana kibali cha kukaa mjini. Wanatakiwa wawe kambini. Nikasema nitawauliza wenyewe kama wanaijua hiyo mikataba iliyoandikwa kwa ajili yao.

Mkalimani wangu alikuwa mama mwenye nyumba, Mwislamu aliyezaliwa papa hapa mtaani na anayejua Kisomali. Siku ya kwanza aliniuliza ninasomea nini hasa. Nikamwambia, "Jinsi serikali na serikali zinavyoelewana kuhusu watu."

"Haya," akasema, "kumbe wewe ni mtu wa ubalozi."

Nikacheka. Sikumsahihisha vya kutosha, na hilo ni kosa langu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mhadhiri alitufundisha kwamba jina la mtu lisionekane kwenye tasnifu, kila mmoja apewe nambari. Nami kwa bidii yangu nikanunua daftari gumu, nikaandika jina, mlango na nambari. Halafu nikakata vikaratasi na kumpa kila mtu nambari yake aiweke, ili nikirudi na maswali ya pili nimtambue haraka. Wewe mwenyewe ulinisifu kwamba mpango ni mzuri. Hatukujua, wewe na mimi, kwamba aliyepitia kambini akipewa karatasi yenye nambari anaielewa kwa njia moja tu: ameingia kwenye orodha na ataitwa. Kule chakula, hema na safari ya ng'ambo vyote huanza na nambari.

Basi kwa wiki mbili watu walinipenda kupita kiasi. Nililetewa sambusa na chai ya maziwa. Watu wa ploti ya pili wakaja kuomba niwaandike nao. Nilidhani ni ukarimu, nikafurahi kwamba tasnifu itanona.

Jumatano alasiri akaja fundi wa nguo wa chumba cha chini, nambari yangu ya saba. Alikuwa amevaa koti, mkewe nyuma yake, watoto wamepakwa mafuta, na masanduku mawili yamefungwa kamba.

"Dada," akaniuliza, "gari ya uwanja wa ndege inachukua sisi hapa ama kule barabarani?"

Nikamuuliza gari gani.

"Ya kwenda Kanada. Mimi nimeuza cherehani."

Baba Naliaka, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilimweleza, na mama mwenye nyumba alitafsiri huku analia. Yule mtu hakunigombeza. Alitoa kikaratasi chake mfukoni, akakiweka mezani pangu, akakinyoosha kwa kidole. Kisha akawaambia watoto wavue viatu, wakarudi chini.

Wengine hawakunyamaza, na kelele zao zikafika kwa chifu. Alhamisi nikaitwa. Aliyezungumza ni mtu mwenye koti la ngozi ambaye hakutaja jina lake. Aliniuliza ninasajili watu kwa idhini ya nani. Nikampa barua ya chuo, akaisoma yote bila haraka.

"Madam, masomo ni kitu kizuri," akasema. "Wewe hatuna shida na wewe. Umetufanyia kazi, umeandika hawa watu mpaka milango yao. Lete hicho kitabu Jumatatu saa mbili, tukugongee muhuri wa utafiti wako."

Nikamuuliza itakuwaje nisipokileta.

"Kwa nini usilete?" Alitabasamu. "Bwana yako si ni mwalimu wa serikali?"

Sikuwa nimemwambia nimeolewa.

Bila ule muhuri chuo hakipokei tasnifu. Mhadhiri wangu aliposikia alifunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mimi ni mwanafunzi, si wakili, nimpe mtu kitabu chake nimalize shahada. Mama mwenye nyumba naye alisema neno moja tu: "Ukiwapa, lori ya polisi itakuja."

Jana nilikichoma. Nilichana karatasi moja moja juu ya jiko, mama mwenye nyumba akipepea. Miezi yangu yote ya utafiti ikaisha kabla ugali haujaiva. Nisamehe. Umelea watoto peke yako mwaka mzima ili niipate shahada hii, na sijui kama nitarudi nayo.

Nilifikiri kitabu kikiisha hofu nayo itaisha. Haikuisha. Wakikufuata shuleni, sema hujui utafiti wangu ulihusu nini, nawe usinitetee kwa hasira kama ulivyozoea. Nikikawia kufika likizo, mwambie Naliaka masomo yameongezwa. Usimwambie zaidi ya hapo.

Nisalimie mama yetu, nimempa wifi dawa yake ya kifua. Msalimie shemeji mdogo anayechunga ng'ombe, na mchungaji wetu, umwambie aniweke kwenye maombi bila kutaja sababu. Salimia pia yule mwalimu anayenishikia darasa langu la nne.

Yeye angeelewa haraka kinachonitisha. Unanijua na rejista. Nikiisoma wiki moja siihitaji tena, naita watoto kwa mpangilio nikiwa nimewapa mgongo. Leo kanisani kwaya ikiimba nilijikuta ninawaita majirani zangu kimoyomoyo, jina na mlango, wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuruka mtu. Siogopi sana kwamba yule bwana atanipiga kesho. Naogopa ataniletea kiti, aniulize kwa upole, akutaje wewe na kazi yako, nami nifungue mdomo. Tangu asubuhi najaribu kuyachanganya yale majina, na kila mara yanajipanga mstari.

Niombee nisahau.

Mkeo,
Mama Naliaka