Tatu binti Mabruki, Aliyesema Ilikuwa Penalti

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu Jumatano ile ya mwezi wa tano ulipoomba maji, ukanywa nusu bilauri, ukajilaza na hukuamka tena. Ulikuwa na miaka sitini na nane. Daktari alisema ni presha. Sisi hatukuwa na la kuongeza.

Tunaandika haya kwa sababu watu bado wanatusimamisha njiani kutupa habari zako, na kila mmoja ana ya kwake. Tumeona si vibaya na ya nyumbani yakasomwa.

Ulizaliwa Kwihara, ukaolewa mjini, na kwa zaidi ya miaka arobaini cherehani yako ilikaa barazani kwetu Gongoni, wewe ukiwa nyuma yake na miwani yako imefungwa uzi mweusi upande mmoja. Ulishona sare za shule, mashungi, suruali za wazee. Ulishona pia jezi za Miombo Rangers, timu ambayo wachezaji wake wanalipwa mshahara na ambayo mji mzima unaijua. Kwa miaka kumi na minane kila namba mgongoni mwa mchezaji wa Rangers ilipita chini ya sindano yako. Ulipenda kusema kwamba kipa mmoja alikuwa na mgongo mpana hata namba moja ilionekana imepotea.

Maoni ulikuwa nayo mengi. Uliamini kipa hafai kuwa nahodha, kwa sababu ugomvi ukitokea katikati ya uwanja yeye hufika umeshakwisha. Uliamini timu inayovaa nyeupe Tabora mwezi wa Agosti haiwaheshimu wanaofua. Uliwakubali wachezaji kutoka Kigoma kwa chenga na wa kutoka Urambo kwa mbio, na ukasema hujapata kuona mmoja aliyejaliwa vyote viwili. Mtu akikuuliza wewe ni Simba au Yanga ulimjibu kwamba hao ni watoto wa Dar es Salaam na wazazi wao wapo, wewe una wa kwako wa kulea.

Ila moyoni ulikuwa na timu ya pili. Ni ya chuo cha ufundi, vijana wanaojiita Misumari. Hao walicheza bila mshahara, viatu vya kuazimana, na mitihani ikikaribia walipungua mpaka wakabaki tisa. Ulikuwa ukisema Misumari wanacheza mpira na Rangers wanafanya kazi ya mpira, na kwamba ni vitu viwili tofauti. Na timu yao ya wasichana, ya netiboli, uliihesabu kuwa ndiyo timu bora kuliko zote mkoani. Ulikwenda kuwatazama Jumapili asubuhi na kopo la matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, ukawagawia wakati wa mapumziko. Watazamaji mara nyingine walikuwa sita, na wewe ukiwemo.

Lakini Jumamosi ulikuwa wa Rangers. Ulikaa jukwaani kivulini, benchi la tatu, katikati ya wenzako wa tawi la mashabiki, na hakuna aliyethubutu kukaa mahali pako.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo wengi mnalikumbuka. Tutalisema kama lilivyokuwa.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa, Rangers na Misumari. Rangers walihitaji sare tu wawe mabingwa na waende kushindana na mikoa mingine. Shamila, binti yako, alikuwa mwamuzi wa akiba. Asubuhi ile alikuwa ukumbini anafunga kamba za viatu ukamwuliza, "Mwanangu, nibaki nyumbani?"

"Njoo tu, Mama. Mimi leo nitakaa kwenye kiti, nitanyanyua kibao cha kubadilisha wachezaji, basi."

Kipindi cha kwanza kikaenda bila bao. Kabla ya mapumziko mwamuzi wa kati akashika paja, akajaribu kukimbia, akashindwa. Kipindi cha pili Shamila ndiye aliyeingia na filimbi. Waliokaa karibu nawe wanasema ulivua miwani, ukaifuta kwa ncha ya kanga, ukaivaa tena.

Dakika ya themanini na nane Misumari wakapata kona upande wa goli lililokuwa karibu na benchi lenu. Kabla mpira haujafika, beki wa kati wa Rangers, Majidi, alimshika jezi mshambuliaji wa chuo na kumvuta chini. Wengi walikuwa wanautazama mpira. Shamila alipuliza akaonyesha kidole kwenye nukta. Penalti ikapigwa, ikaingia. Rangers wakafungwa moja bila, na safari ya mikoani ikaishia hapo.

Jioni ile mawe mawili yalitua kwenye bati letu. Asubuhi watu walisema binti wa Tatu ametuuza. Mteja wako wa siku nyingi alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijashonwa, akasema atakimalizia kwingine.

Mtangazaji wa redio alikuja Jumatatu na kinasa sauti. Tunadhani alitarajia mama amtetee mwanawe kwa machozi. Ulisimamisha cherehani ukamwambia, "Ilikuwa penalti. Majidi alimvuta jezi kabla kona haijafika. Nilikuwa upande huohuo." Alipokuuliza kama unasema hivyo kwa sababu mwamuzi ni mwanao, ulimjibu, "Ningekuwa na sababu ya kusema uongo, ningekuwa na sababu mbili za kuisemea Rangers kabla ya moja ya kumsemea Shamila." Kisha ukaendelea kushona. Walirusha maneno hayo mara tatu siku ile.

Tawi likakuita. Mwenyekiti, Mzee Lugembe, alikuwa rafiki yako, na kwa haki yake tuseme kwamba alizungumza kwa adabu.

"Mama Shamila," alisema, "hatukuambii useme uongo. Sema tu hukuona. Ulikuwa mbali, watu walisimama, hukuona."

"Niliona."

"Na miwani ile?"

"Ndiyo hii ninayowashonea jezi, Mzee Lugembe. Mmewahi kulalamika?"

Kuna waliocheka. Hata hivyo walipiga kura, na kura ikasema usikae tena na tawi. Jezi nazo zikapelekwa kwa fundi mwingine. Ulirudi nyumbani ukamweleza Baba kwa maneno machache, ukaingia jikoni kukaanga mboga. Tulikuwa wote nyumbani, hata Mustafa aliyekuwa amekuja kutoka shambani kwake Ulyankulu, na hatukukuona unalia. Hatusemi hukulia. Tunasema hatukuona.

Aliyeumia waziwazi ni Shamila. Aliweka filimbi ndani ya bahasha akawaandikia chama cha waamuzi kwamba anapumzika. Kwa miezi saba alikwenda shuleni kufundisha, akarudi, akasahihisha madaftari, akalala. Wewe hukumbembeleza. Siku moja mkiwa mnachambua mchele alikuuliza, "Mama, kweli ilikuwa penalti, au ulisema kwa ajili yangu?"

"Ilikuwa penalti," ukamjibu. "Ila ulichelewa kupuliza. Ulisubiri uone kama watu watakasirika."

Alikubali kwamba ni kweli.

"Basi rudi ukajifunze kuwahi," ukamwambia. "Aliyevuta jezi yuko uwanjani kila Jumamosi. Wewe umejifungia ndani kwa kosa lake."

Mwezi uliofuata alirudi.

Wewe mwenyewe hukukosa mechi hata moja. Ulihamia upande wa pili, mzunguko, kwenye jua, ambako wanakaa wanachuo na wauza karanga. Uliketi juu ya mfuko wa sementi mtupu, mwavuli mkononi, na Rangers walipofunga ulipiga vigelegele peke yako kati ya watu wa timu nyingine. Wanachuo walikuzoea, wakawa wanakuuliza ushauri. Ulimwambia winga wao wa kushoto kwamba anatazama viatu vyake mno, kana kwamba amevikopa na mwenyewe yupo jukwaani. Tumesikia alikuwa amevikopa kweli.

Ilikwenda hivyo misimu miwili na nusu.

Halafu Majidi akaja. Ilikuwa mchana, mvua za kwanza zimeanza, na wewe ulikuwa umevuta cherehani ndani kidogo isilowe. Alikuwa ameshaacha mpira kwa sababu ya goti, anaendesha bodaboda. Alisimama chini ya baraza, maji yanamchuruzika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Panda huku, unalowa."

Hakupanda. "Nilimvuta," alisema. "Siku ile. Nilimvuta jezi, na nilijua filimbi imelia kwa haki. Nikanyanyua mikono kulalamika kama watu wote."

"Najua."

"Nimekuja kuomba radhi."

Shamila alikuwa shuleni, lakini Baba alikuwa amekaa mlangoni akitengeneza saa ya mtu, na yeye ndiye aliyetusimulia. Anasema ulikata uzi kwa meno, ukakunja kitambaa, ndipo ukamtazama.

"Mimi hukunivuta jezi, baba. Nenda kwa Shamila, anatoka saa tisa. Halafu nenda tawini, ukawaambie wao. Ukimaliza huko, radhi yangu utakuwa umeshaipata."

Kwa Shamila alikwenda siku ileile, akamkuta getini na madaftari kichwani kukinga mvua. Shamila alimshukuru, na akamwambia kwamba angependa sana angesema mapema. Tawini ilimchukua wiki mbili. Hatumlaumu. Alisimama mbele ya watu aliokuwa akiwafurahisha, wengine wanamdai bado ule ubingwa, akasema alichofanya. Wapo waliotoka nje akiwa anazungumza. Mzee Lugembe hakutoka.

Kesho yake Mzee Lugembe na wenzake wanne walikuja barazani kwetu na jezi kumi na nane zikiwa ndani ya kiroba. Walikaa, wakapewa kahawa, wakazungukazunguka habari za mvua na tumbaku. Mwishowe akasema, "Benchi lako lipo, Mama Shamila."

Ukamwuliza, "Mnanirudisha kwa sababu nilisema kweli, au kwa sababu Majidi amesema?"

Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Kwa sababu Majidi amesema. Tungekuamini wewe, tungekuja zamani." Tunadhani jibu hilo ndilo lililokufanya umheshimu tena, maana ulimwongezea kahawa.

Jezi ulizipokea. Benchi hukulitaka. Uliwaambia umezoeana na kule juani, na kwamba kutoka kule mtu anawaona hata wanaokaa kivulini. Mzee Lugembe aliaga, akafika njiani, akarudi kusema, "Wabeja," asante ya Kinyamwezi, ambayo hakuwa na kawaida ya kuitumia na watu wa mjini. Ukamwambia akanyage taratibu, baraza linateleza.

Uliishi miezi sita baada ya hapo. Ulishona namba zote upya kwa sababu, ulivyoona, yule fundi mwingine aliziweka chini mno na kila mchezaji alionekana mfupi. Uliwafundisha wasichana wawili wa netiboli kushona marinda. Jumamosi ya mwisho Rangers walishinda mbili bila na ulirudi umekasirika, ukisema wameshinda vibaya. Jumatano ukaondoka.

Mazishi yalikuwa siku iliyofuata baada ya adhuhuri. Wanaume wa tawi walikuja, na wanachuo walikuja, na njia nzima ya makaburini walipokezana jeneza bila kuulizana nani ni wa upande gani. Majidi alikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kukupokea. Shamila na wanawake wengine walibaki nyumbani. Yeye ndiye aliyefunika cherehani kwa shuka, na hakuruhusu mtu mwingine aifunike.

Habari za huku ni hizi. Shamila amepanda daraja, mwezi ujao anakwenda Dodoma kwa kozi. Bado analalamikiwa, na nyumbani mawe hayajarudi. Mustafa amepata mtoto wa kike, amempa jina lako. Misumari wamepoteza winga wao wa kushoto, amehitimu, yuko Mwanza anachomelea mageti. Timu ya netiboli ilikuwa ya pili mkoani, na watazamaji siku ya fainali tulikuwa kama thelathini. Rangers wako katikati ya msimamo na wewe ungekuwa na la kusema juu ya viungo wao.

Na Baba. Katika miaka yenu yote ya ndoa hakuwahi kuingia uwanjani. Alisema ni kelele za watu wazima. Mwezi wa tatu mwaka huu, Jumamosi moja, alivaa kanzu, akachukua mwavuli wako, akatoka bila kuaga. Alirudi karibu na magharibi, uso umeungua jua. Tulimwuliza alikuwa wapi.

"Mpirani. Nimekaa kule kwenye mzunguko dakika zote tisini," alisema. "Sijaelewa kitu."

Akavua viatu, akakung'uta vumbi kwenye ngazi.

"Jumamosi nitakwenda tena."

Tumesoma hitma juzi, na watu walijaa mpaka nje. Tunawashukuru wote waliofika, na tunamwomba Mwenyezi Mungu akurehemu na aipanue nafasi yako huko uliko.

Unakumbukwa na mumeo Rashidi, wanao Shamila na Mustafa, mkweo Shukrani mke wa Mustafa, mjukuu wako Tatu, ambaye ameanza kusimama dede, dada zako wa Kwihara, na majirani wote wa Gongoni. Tutakukumbuka daima, Mama, Jumamosi na siku zilizobaki.