Funguo za Majirani Walioondoka

Mwajuma mdogo wangu, assalamu alaykum. Nipo kwa wakwe wa Rukia mwanangu, katika mji mdogo wa Waajemi wenye joto la kutushinda hata sisi.

Mama mkwe wake anatembea na rundo la funguo kiunoni. Tangu enzi za babu zao wanaume wa hapa huenda Uarabuni kutafuta maisha, na siku hizi wanahama na wake zao. Kila Alhamisi yeye hufungua nyumba za majirani hao, anafagia, anaacha madirisha wazi mpaka alasiri. Jana nilimfuata. Nikamuuliza mji una watu wangapi, Rukia akatafsiri.

"Serikali inahesabu waliopo," akasema. "Mimi nahesabu na hawa wenye funguo hizi."

Kisha akauliza nyumba ya marehemu mama kule Kondoa anaifungua nani. Nikajifanya nafunga mtandio.

Tangu arobaini tumeifunga, Mwajuma, kila mtu anamsubiri mwenzake. Ufunguo uko kabatini kwangu, chini ya mswala. Yaache magunia yako ya mtama sokoni Majengo siku moja, uende. Fungua madirisha yote, kisha umsomee Yasini.

Mungu akuweke, kipenzi changu.

Dada yako Zaituni